Kabla ya Kununua Jeshi la Mezani

Jijini Nottingham, Uingereza, zipo kampuni kadhaa zinazoishi kwa kuuza askari ambao urefu wao hauzidi nusu ya kidole gumba. Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975, ina makao makuu yake huko. Warlord Games wako huko pia, na hata ndugu mapacha Michael na Alan Perry, wachongaji wanaoheshimika kuliko wengi katika fani hii. Wateja wao ni watu wazima wanaopanga majeshi ya sanamu juu ya meza, wakapima mwendo kwa tepu, wakarusha dadu, na kumaliza jioni wakibishana kama wapanda farasi waliruhusiwa kugeuka pale walipogeuka. Mchezo si mgeni: mwandishi H. G. Wells aliuandikia kanuni mwaka 1913 katika kitabu chake Little Wars, wakati huo askari wakiangushwa kwa vizinga vya springi.

Sanamu hizi huuzwa bila rangi, na nyingi huja vipandevipande. Kwa hiyo anayelipia sanduku huwa amenunua saa nyingi za kazi, na hapo ndipo wageni wengi wa mchezo wanapoumia. Fedha hutoka siku moja, kazi hubaki kabatini miaka.

Mchezaji mzoefu, kabla ya kuuliza bei, huuliza nani atakaa upande wa pili wa meza. Ukinunua Wafaransa wa Napoleon wa milimita 28, na klabu iliyo karibu nawe inacheza Warumi wa milimita 15, utabaki na mapambo. Tembelea klabu kwanza, tazama michezo miwili mitatu, uliza wanacheza nini mwaka huu na watacheza nini ujao. Kama huna klabu, njia iliyobaki ni kununua pande zote mbili wewe mwenyewe, umwalike rafiki asiye na sanamu hata moja. Wapenzi wa vita vya kihistoria hufanya hivyo sana. Mimi naiona ndiyo njia bora, lakini kwa michezo midogo tu.

Ukishajua mpinzani, kinachofuata ni kipimo. Hutajwa kwa milimita, na maana yake ni kimo cha mtu mzima aliyesimama. Milimita 28 ndiyo inayotawala, kwa sababu uso unaonekana na vifungo vya koti vinapakika. Milimita 15 inafaa sana vita vya vifaru, na mchezo wa Flames of War kutoka New Zealand umejengwa juu yake. Kwenye milimita 6, ambako kampuni ya Baccus imejijengea jina, askari mmoja mmoja hana maana tena. Unachokiona ni brigedi nzima ikijipanga shambani. Halafu kuna kipimo cha 1:72, cha wale askari wa plastiki laini ambao Airfix iliwasambaza duniani. Bado ni njia rahisi ya kupata watu wengi kwa fedha kidogo, ila waoshe kwa sabuni kabla ya kuwapaka, la sivyo rangi itabanduka.

Tahadhari moja hapa. Milimita 28 za kampuni moja si milimita 28 za kampuni nyingine. Wapo wanaopima hadi machoni na wapo wanaopima hadi utosini. Perry huchonga watu wenye maumbo ya kawaida, vifundo vyembamba, bunduki nyembamba. Sanamu za Warhammer, mchezo wa Games Workshop, zina vichwa na viganja vikubwa kwa makusudi, ili zionekane vizuri kutoka upande wa pili wa meza. Kuchanganya kampuni mbili katika jeshi moja kunaruhusika, mradi kila kikosi kiwe cha mchongaji mmoja.

Sasa soma kanuni za mchezo wenyewe, maana kanuni ndizo zitakazokupa idadi. De Bellis Antiquitatis, ambayo wachezaji huiita DBA, ilitoka mwaka 1990, na jeshi lake lina vibao 12 tu, kila kibao kikibeba askari wachache. Kwa milimita 15 jeshi zima kwa kawaida halizidi askari 50, na uwanja wake ni mraba wa sentimita 60, yaani hata meza ya kahawa inatosha. Kwa anayeanza na mfuko mwepesi, sijaona mlango mwepesi kuliko huo.

Saga, mchezo wa Wafaransa uliotoka mwaka 2011, unakwenda kwa pointi. Pointi moja inakupa walinzi 4 wa chifu, au wapiganaji 8, au wanamgambo 12. Chukua jeshi la pointi 4: moja ya walinzi, mbili za wapiganaji, moja ya wanamgambo. Hao ni watu 32, na kiongozi wao 33. Mchezaji aliyefanya hesabu hii nyumbani akikuta sanduku la askari 40 wa zama anazotaka, hana haja ya kushauriwa na muuzaji: moja linatosha na saba wanabaki. Asiyeifanya hununua masanduku matatu.

Warhammer 40,000 ina tabia yake. Mashindano mengi huchezwa kwa pointi 2,000, na thamani ya kila kikosi hurekebishwa mara kwa mara. Matoleo mapya ya kanuni yalikuja mwaka 2017, 2020 na 2023. Mtu akinunua kikosi kwa sababu msimu huu kinashinda, mara nyingi atakapomaliza kukipaka rangi pointi zimepanda na ubabe umekwisha. Katika mchezo huu, kununua unachopenda kukitazama ni salama zaidi kuliko kununua chenye nguvu. Katika vita vya kihistoria ushauri wangu ni kinyume chake: fuata orodha, macho yatazoea.

Jambo ambalo wageni hulipuuza ni kitako, kile kibao kidogo ambacho askari husimama juu yake. Warhammer ya zamani, iliyoanza mwaka 1983, ilikuwa na vitako vya mraba ili askari wasimame kwa safu. Mwaka 2015 kampuni iliuweka kando mchezo huo na kuleta Age of Sigmar, wenye vitako vya duara. Wapo waliouza majeshi yao kwa bei ya kutupa. Wapo waliokaa na kisu wakibandua askari mmoja mmoja. Januari 2024 mraba ukarudi na The Old World, lakini sasa umekuwa mkubwa: binadamu wa kawaida, aliyekuwa juu ya milimita 20, anadaiwa 25. Waliopumua ni wale waliotumia trei, kwa kuwa trei mpya yenye nafasi pana ilimaliza shida bila kugusa gundi. Kwa hiyo usibandike jeshi zima kwenye vitako vya kudumu kabla hujacheza nalo mara kadhaa.

Msomaji wa Kiswahili huenda akashangaa kwamba watu wa nchi zake wamo madukani humo. Wargames Foundry wana mfululizo wa sanamu za Afrika ya karne ya 19, uliochongwa na Mark Copplestone, wenye rugaruga, Wazanzibari na askari wa misafara. Chris Peers naye ameandika kanuni za vita hivyo, Death in the Dark Continent. Michoro mingi ya kipindi hicho ilitoka kwa wasafiri wa Kizungu, basi linganisha vazi la sanamu na picha za makumbusho kabla ya kuliamini.

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vinafundisha ununuzi vizuri kuliko vita vingi. Waingereza walishusha pwani kiasi cha watu 8,000, wengi wao wanajeshi wa India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwakabili na takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika, na nyuki waliochokozwa kwa risasi wakaingia vitani bila kualikwa. Wachezaji hupenda mkasa huu. Lakini piga hesabu: kama sanamu moja inasimama badala ya watu 20, upande wa Wajerumani unahitaji sanamu 50 na upande wa Waingereza 400. Hakuna anayeanza kwa kupaka rangi watu 400. Wanaojua hukata kipande kimoja cha vita: mitaa ya mji, ambako kikosi cha Loyal North Lancashire na wanajeshi wa Kashmir, Magurkha wakiwemo, walipenya. Wanakicheza mtu kwa mtu, sanamu 30 au 40 kila upande. Kisha wanakagua silaha na kofia. Askari wa Kijerumani wa Tanga alivaa tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye kinga ya shingo, na wengi walibeba Mauser za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi mzito. Mezani moshi huo huwa ni pamba. Mjerumani mwenye kofia ya chuma hana kazi pale, hata akiwa nusu bei.

Baada ya hapo, pima uwezo wa brashi yako. Ukimpa kila askari nusu saa, ambayo ni haraka kwa mgeni, sanduku la 40 ni saa 20. Kama una Jumapili jioni mbili kwa mwezi, umeshajua sanduku hilo litakwisha lini. Rangi nyepesi zinazojitengenezea vivuli, kama Contrast za Citadel zilizotoka mwaka 2019, zimepunguza muda sana. Utaratibu wa wengi ni askari wa safu wa plastiki, maofisa na wapiga ngoma wa madini. Plastiki huja kwa makumi na kushikwa kwa gundi inayoyeyusha kidogo. Madini huuzwa wachache kwa pakiti na hutaka supaglu.

Sanamu za mtumba ndizo zenye nafuu kubwa. Usiogope rangi mbaya ya mwenye mali wa kwanza. Wachezaji wa Uingereza wamezoea kuivua kwa Dettol, ileile ya kahawia ya bafuni. Vaa glavu, fungua dirisha, zamisha sanamu ndani ya Dettol isiyochanganywa na maji usiku kucha, kisha sugua kwa mswaki mzee. Suuza kwanza kwa Dettol nyingine. Ukitia maji mapema, rangi iliyolegea itageuka uji unaonata kila mahali. Sabuni na maji ni mwisho. Njia hii inafaa madini na plastiki ngumu. Resini usiiguse nayo.

Sanamu nyingi za madini za zamani zina madini ya risasi ndani yake. Ukiona unga mweupe au wa kijivu juu yake, madini yameanza kuoza, na unga huo ni sumu: usiupulize, usiushike mikono mitupu, na usimpe mtoto sanamu hiyo hata kama imesafishwa.

Kuhusu mashine za kuchapa sanamu nyumbani, niseme kwa ufupi. Zinafanya kazi nzuri, resini mbichi inadhuru ngozi na mapafu, na kununua faili la kuchapa kwa kawaida hakukupi haki ya kuuza ulichochapa. Ukipanga kwenda mashindano rasmi ya Games Workshop, hutaruhusiwa kuweka mezani ila sanamu zao.

Kwa aliyeko Uingereza, soko la kuyaona haya yote pamoja ni Salute, maonyesho ya klabu ya South London Warlords yanayofanyika ExCeL, London, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Nenda na orodha iliyoandikwa, na mfukoni weka askari mmoja wa jeshi ulilonalo, kwa ajili ya kulinganisha kimo. Muuzaji mzuri atakuacha umsimamishe bega kwa bega na wake kabla hujalipa. Asiyekubali, hamia meza inayofuata.