Wimbo Si Ushahidi: Somo kwa Vikundi vya Wazazi



Hapa Kenya nyimbo za kantri tumezipenda miaka mingi. Jim Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na mpaka leo sauti yake husikika manyumbani mwetu. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale bwana anaporudia wimbo mmoja wa kuachana, na mama jikoni anaanza kuhesabu: "Mbona huu kila jioni? Lazima yuko na mwingine." Haulizi. Ananuna siku tatu, na mzee wa watu hajui amekosa nini.

Tutazame nyimbo tatu.

1. I Will Always Love You. Wengi huuchagua kwa arusi, kumbe ni wimbo wa kwaheri. Dolly Parton aliutunga mwaka 1973, akijiandaa kuacha kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner. Alikuwa akimuaga mwenzake wa kazi, si mchumba.

2. Jolene (1973). Mke anamsihi mwanamke mwingine asimchukue mumewe. Parton amesema wazo lilitokana na karani wa benki aliyekuwa akimchekea-chekea mumewe, Carl Dean. Ungedhani ndoa hiyo ilivunjika! Walioana 1966, wakakaa pamoja hadi Dean alipofariki Machi 2025.

3. Stand By Your Man (1968). Tammy Wynette aliutunga pamoja na Billy Sherrill. Wako wanaousikia kama amri kwamba mke avumilie lolote. Tammy mwenyewe aliolewa mara tano. Hatumsuti, ni marehemu. Tunasema tu kwamba wimbo si sheria ya ndoa. Dada anayepigwa asiambiwe avumilie kwa sababu ya wimbo. Apelekwe hospitali, kwa polisi au kwa chifu, na kanisa lisimame naye.

Basi tufanye nini? Wimbo ukikuchoma moyo, uliza kwa upole: "Baba Wanjiru, huu wimbo unakukumbusha nini?" Pengine atakuambia marehemu mamake aliupenda sana, na yaishe hapo. Lakini kama kuna jambo la kweli, kwa mfano pesa hazifiki nyumbani au mtu analala nje, zungumzeni jambo hilo lenyewe. Msigombane juu ya redio. Na wewe mume, kama una la kusema, sema kwa mdomo wako. Usimtume mwimbaji wa Marekani.

Mithali 18:13 inatuonya tusikimbilie kujibu kabla ya kusikiliza. Someni pamoja.

Maswali ya kujadili:
(a) Je, umewahi kumshuku mwenzako kwa sababu ya wimbo? Ulimwuliza?
(b) Ni jambo gani nyumbani mwenu linalongoja kuzungumzwa?
(c) Kikundi chetu kinamsaidiaje mama au baba anayeteswa katika ndoa?

Mungu azibariki nyumba zenu.