Mkate wa kuokwa nusu na friza

Ramadhani inapokaribia, akina mama wengi huoka mikate nusu na kuiweka kwenye friza, ili jioni kazi iwe ni kumalizia tu. Utaratibu huu ni mzuri, lakini una masharti yake.

Mkate wa kuokwa nusu hutolewa jikoni ukiwa umeumuka na ndani umeshikana, ila ganda bado jeupe. Ukitolewa kabla ndani hakujashikana, utabonyea ukipoa, na friza haitausaidia.

Kwa nini friza na si friji? Wanga uliopikwa ukipoa huanza kukaza, ndipo mkate huwa mgumu. Kwenye baridi ya friji jambo hili huenda haraka kuliko hata kabatini. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, karibu husimama.

Hata hivyo, kuganda nako kuna athari. Maji ya ndani hugeuka chembe za barafu. Mkate ukiganda polepole, chembe huwa kubwa na kuchana nyama yake. Ukimalizia kuuoka, ganda hubanduka na ndani hukauka. Kwa hiyo upoze kwanza, uufunge hewa isiingie, na upange mikate mmoja mmoja bila kurundika. Itumie ndani ya wiki chache.

Sasa tuje kwenye afya. Baridi ya friza haiui vijidudu vyote. Vingi huvilaza tu. Zipo pia bakteria za kwenye unga ambazo mbegu zake hustahimili hata joto la kuoka. Umeme ukikatika, mkate ukayeyuka na kukaa kwenye joto, huamka. Ukiumega na kuona unavutika nyuzi, au unanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, usiuoke tena. Utupe, usafishe chombo kwa siki.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kushika baridi kiasi cha siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Mkate ulioyeyuka lakini bado una baridi umalizie siku hiyo hiyo, usiugandishe tena.

Wapo wanaoona kuutupa ni israfu, wakawalisha watoto. Ndugu yangu, israfu ilianza pale tulipooka tusichoweza kukihifadhi. Kama mtaani kwenu umeme hauaminiki, oka wa siku mbili tu.

Wabillahi tawfiq.