Dago au Kuhamahama? Uteuzi wa Maneno katika Matini za Safari za Magari-Nyumba Jangwani

Mfasiri anayekabiliwa na matini kuhusu wasafiri wa magari-nyumba katika jangwa la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, aghalabu hukimbilia maneno mawili: kipupwe na kuhamahama. Makala hii inadai kwamba yote mawili yanafaa kupimwa kwanza. La kwanza halihitaji mjadala mrefu. Kipupwe cha pwani ya Afrika Mashariki ni cha Juni hadi Agosti, miezi ambayo joto la mji wa Quartzsite hupita nyuzi 40. Baridi inayozungumziwa ni ya Desemba na Januari. "Majira ya baridi" yatosha.

La pili ndilo zito. Quartzsite ni mji wa wakazi wasiofika 3,000, lakini kila mwaka wastaafu kwa maelfu huteremka huko kutoka majimbo ya kaskazini na Kanada, wakikimbia theluji. Katika ardhi ya umma ya La Posa, msimu wa kibali cha kukaa muda mrefu huanza 15 Septemba na kwisha 15 Aprili. Kwingineko jangwani, kwa kawaida msafiri huruhusiwa siku 14 tu, kisha ang'oe kambi.

Maisha yenyewe yana tamu na chungu. Gari hubeba matangi ya maji safi, ya maji yaliyooshewa na ya choo. La choo likijaa, safari ya kwenda kulimwaga haiahirishwi. Mchana huwa na joto la nyuzi 20 hivi, ila usiku wa baridi kali mpira wa maji huweza kuganda. Jua huwaka kwa saa 10 tu na hupita chini upande wa kusini; paneli zisipoinamishwa, betri huishiwa kabla ya alfajiri, na feni ya kipasha joto hunyamaza ingawa gesi ingalipo. Upepo nao huzuka ghafla, ukalichana turubai la kivuli lililosahauliwa wazi. Hapo ndipo jirani asiyejulikana hata jina hufika na bisibisi, na jioni wawili hao wakaota moto pamoja.

Mwanafunzi wa pwani atayatambua maisha haya. Wavuvi wa Pemba waendapo dago hufuata msimu, hupiga kambi ugenini, na msimu ukiisha hurejea kwao. Dago lina marejeo ndani yake. Kuhamahama, kwa kurudufu shina lake, husisitiza mwendo unaojirudia bila kutaja kikomo. Na katika magazeti yetu limebeba dharau kwa wafugaji, dharau wasiyostahili. Kwa mstaafu mwenye nyumba Minnesota, basi, dago ni neno aula.

Jangwa hilo, hata hivyo, si geni kwa majina yaliyopotoka. Katika makaburi ya Quartzsite pana piramidi yenye sanamu ya ngamia juu yake, kumbukumbu ya Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani katika miaka ya 1850. Ndimi za huko zilimgeuza Hi Jolly.

Upotoshaji kama huo unaweza kufanywa na neno dago likitumiwa kwa wote. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wapo waliopoteza nyumba na kuingia barabarani. Jessica Bruder aliwaandika katika Nomadland (2017), kitabu alichokitumia Chloé Zhao kutengenezea filamu mnamo 2020. Magari mawili huegeshwa ubavu kwa ubavu, paneli zile zile, vumbi lile lile. Mmoja yuko dago, mwenziwe hana pwani ya kurejea. Kusema wote "wako dago" ni kuufuta msiba wa huyu wa pili. Kumwita "asiye na makao" nako ni kumtusi, kwani wengi wao husisitiza kwamba walichokosa ni nyumba tu. Kiswahili kinaweza kuibeba tofauti hiyo bila taabu, maadamu kina nyumba, makao na maskani. Kabla ya kuteua kitenzi, mfasiri hana budi kuisoma matini hadi apate jibu la swali moja: Aprili ikifika, mhusika huyu anarudi wapi?