Mifugo Nayo Ina Saa: Vidokezo 7 vya Kuitunza kwa Wakati

Ng'ombe, kuku na mbwa wako wana saa ndani ya ubongo, na saa hiyo hujirekebisha kwa mwanga wa jua. Ndiyo inayopanga lini joto la mwili lipande, lini njaa ije na lini mnyama alale. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel kwa kufumbua utendaji wake ndani ya seli. Wao walichunguza nzi wadogo wa matunda; wewe anzia bandani kwako.

1. Pima joto saa ileile. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa na nyuzi 38 hadi 39.3 hivi. Alfajiri joto huwa chini, jioni hupanda hata kama haumwi. Kwa hiyo 39.2 ya saa 12 asubuhi inatia shaka kuliko 39.2 ya saa 11 jioni. Andika daftarini joto pamoja na saa, daktari wa mifugo aone vyote viwili.

2. Kuku wa mayai waongezee mwanga alfajiri. Afrika Mashariki mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, ilhali kuku wa mayai wa kisasa hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Mwanga wa ziada ukiwekwa jioni, taa inapozimwa ghafla giza huwakuta sakafuni wakarundikana. Ukiwekwa alfajiri, jioni jua huchwa lenyewe nao hupanda vichanjani taratibu. Ongeza nusu saa kila wiki hadi uwashe saa 10 alfajiri, na ukishafika hapo usirudi nyuma, maana mwanga ukipungua mayai nayo hupungua. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatikakatika, tafuta taa ya sola. Kuku wanaokua usiwaharakishe kwa taa: watataga vijiyai, na wengine watatokwa na kizazi.

3. Chokaa itolewe alasiri. Yai huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika, na karibu 20 kati ya hizo ni za kujenga ganda, kazi inayofanyika zaidi usiku. Mwaga makombe ya pwani yaliyopondwa chengachenga saa 9 au 10 alasiri. Chenga hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole usiku kucha. Unga laini hupita upesi.

4. Ng'ombe anayetaka dume, mchungulie usiku. Wengi huonyesha dalili usiku na alfajiri. Pita bandani kabla hujalala, na tena kabla ya kukamua. Anayetulia tuli akipandwa na wenzake ndiye huyo. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Hapa chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

5. Jua likiwa kali, lisha jioni. Majani yanapochachuka tumboni hutoa joto, na kilele chake huja saa kadhaa baada ya kula. Sehemu kubwa ya malisho ipewe jua likishapoa. Faida nyingine: Gus Konefal, mfugaji wa Manitoba, Kanada, aligundua kwamba ng'ombe wenye mimba wakilishwa usiku, wengi huzaa mchana, wakati msaada uko karibu.

6. "Mara mbili kwa siku" maana yake kila baada ya saa 12. Mbwa mwenye kisukari akidungwa insulini pamoja na mlo wa saa 1 asubuhi, sindano ya pili ni saa 1 usiku, pamoja na mlo mwingine. Usibadili saa za dawa yoyote bila kumuuliza daktari.

7. Chanjo ya mdondo itolewe kuku wakiwa wamezubaa. Kabla hujawafungulia alfajiri, kuna ubaridi na hawasumbui kushikwa. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni. Rudia kila baada ya miezi 3 au 4.

Ratiba hizi ni za mnyama mzima wa afya na za matibabu yaliyopangwa. Aliyevimba tumbo au anayehangaika kuzaa hana saa ya kusubiriwa. Mpigie daktari hata kama ni saa 8 usiku.