MALENGELENGE YA GUMBA: PIMA MPINI KABLA YA KULIMA



Wapendwa wasomaji, mwezi huu tuzungumzie jeraha ambalo wengi hatulihesabu kuwa ugonjwa: malengelenge ya mikono, hasa ya kidole gumba. Katika mashamba ya Samunge, ambako Wabatemi humwagilia kwa mifereji tangu enzi za mababu, maji huenda kwa zamu. Zamu yako ikifika nawe huwezi kushika jembe, maji hayakungoji. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanaopalilia vitunguu kule Mang'ola. Kidonda kidogo cha gumba chaweza kupunguza chakula cha nyumba nzima.

Lengelenge ni nini?

Ngozi ina tabaka. Mpini unapovuta ngozi ya juu huku na huku mara nyingi, tabaka za ngozi huachana, na maji ya mwili hujaa katikati. Jasho huongeza msuguano. Ngozi ile ya juu ni kama bandeji aliyotupa Mwenyezi Mungu: chini yake ngozi mpya huanza kuota. Kwa hiyo tusiibandue.

Sugu ni jambo jingine. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu polepole kwa kazi ya siku nyingi, nayo hulinda mkono. Anayeanza kulima baada ya kupumzika muda mrefu hana sugu. Heri alime saa moja siku ya kwanza, aongeze kidogo kidogo, kuliko kulima kutwa na kulala kitandani kesho yake.

Soma kiganja chako

Mahali palipotoka lengelenge huonyesha kosa lilipo:

1. Kwenye nyama ya gumba: mara nyingi mpini ni mnene mno. Gumba halifiki kufunga, basi unabana kwa ncha yake.
2. Kati ya gumba na kidole cha shahada: mpini unazunguka mkononi. Tazama kama jembe limelegea kwenye tundu lake.
3. Kwenye mashina ya vidole: mpini unateleza, au una fundo na mikwaruzo.

Mpini mwembamba mno nao ni mbaya. Vidole hujikunja hadi kugusa kiganja, na mtu hubana kwa nguvu nyingi ili usimtoroke.

Mpini unaokufaa

Shika mpini kwa mkono mmoja kama unavyoshika ukilima. Gumba lipande kidogo juu ya ncha ya kidole cha shahada, na vidole visijichome kiganjani. Kwa watu wazima wengi, unene wa sentimita 3 hadi 4 hutosha. Mnene mno, uchonge. Mwembamba mno, tafuta mwingine.

Tumia mti mkavu. Mpini mbichi hunywea ukikauka, na jembe huanza kucheza. Likicheza, gonga kabari ya mti mgumu. Lainisha mpini kwa msasa au kigae cha chupa, ukijihadhari usijikate, kisha upake mafuta kidogo na uyafute yakaushwe, maana mafuta mengi huufanya uteleze. Usichonge mpini kwa miti yenye utomvu mkali kama mnyaa.

Baba na mama, angalieni pia watoto. Mtoto anayepewa jembe la baba hushika mti usiomwenea. Mchongee wake, naye asilime kupita nguvu zake. Mt. Yosefu alikuwa seremala. Bila shaka alijua kwamba chombo kizuri ni kile kinachomfaa anayekitumia.

Lengelenge likishatoka

- Acha kazi hiyo mara unaposikia moto kwenye ngozi, hata kabla ya lengelenge kujaa.
- Osha mikono kwa maji safi na sabuni.
- Lengelenge dogo usilitoboe. Lifunike kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kukauka juani.
- Lengelenge kubwa linalouma sana, nenda zahanati wakalitoboe. Ikiwa zahanati ni mbali, chemsha sindano kwa dakika 20, toboa pembeni, kamua maji taratibu, acha ngozi ya juu mahali pake, kisha funika.
- Sindano hiyo isitumiwe na mtu mwingine, kwa sababu damu huweza kupitisha VVU na homa ya ini.
- Likipasuka lenyewe, osha, funika, na badilisha kitambaa kila siku.

Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Udongo na samadi huwa na vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaokaza taya na mwili na unaoweza kuua. Mtu aliyechanjwa utotoni bado huhitaji chanjo ya kuongezea nguvu. Ulizia zahanati kabla hujaumia.

Dalili za hatari

Usikae nyumbani ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka, mistari myekundu inayopanda mkononi, homa, au mtoki kwapani. Taya likianza kukaza, mkimbize mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa watu wa Loliondo, hospitali ya Wasso ipo.

Zaidi ya hayo, jihadhari na lengelenge lisilouma. Mtu akipata malengelenge bila kusikia maumivu, huenda mishipa yake ya fahamu imeharibika kwa ukoma au kisukari. Ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure. Akichelewa, vidole huharibika. Basi tusimcheke wala tusimtenge, tumsindikize kupimwa.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge kutafuta kikombe cha dawa. Ndugu wasomaji, afya ya mkono wako inaanzia karibu zaidi: kwenye mti unaoushika kila asubuhi.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Nani katika familia zetu analima kwa jembe lisilomfaa? Tumsaidieje?
2. Je, yupo jirani mwenye vidonda visivyouma? Nani atamsindikiza zahanati?
3. Nani kati yetu ni fundi wa mipini, awafundishe vijana?