SOMO LA KIKUNDI: TUKITEMBELEA KANISA LA KALE



Kikundi kimoja hapa karibu na Eldoret kiliamua kwenda Nairobi kuona kanisa la Mtakatifu Austin, kule Lavington. Wengine walinung'unika: "Si afadhali tununue ng'ombe wa gredi?" Walikuwa na haki kuuliza. Kwenda peke yake ni zaidi ya kilomita 300, na mkirudi na picha tu, pesa za wanachama zimepotea.

Mimi nilikubali kuandamana nao kwa sababu historia ya mahali pale inatuhusu sisi wakulima. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianza misheni hiyo mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Walipanda kahawa. Wenzao walikuwa wameshaipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893, kutokana na mbegu ambazo asili yake ni Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi. Kutoka mashamba ya misheni, miche ilienea kwa walowezi. Hata leo kuna aina ya kahawa inayoitwa French Mission.

Wageni wengi huishia hapo. Wanasifu jengo, wanapiga picha, wanarudi garini. Lakini mzee mmoja wetu alisimama akauliza: "Baba yangu alichuma kahawa ya mzungu kule Trans Nzoia miaka mingi. Mbona hakuruhusiwa kupanda hata mche mmoja wake?"

Kimya. Aliyetuongoza alisema ukweli, kwamba hilo hajawahi kuulizwa.

Basi tulilizungumza njiani hadi Nakuru. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa. Ilisemekana eti wataeneza magonjwa ya mimea na kuharibu ubora. Lakini walowezi waliogopa jambo lingine pia: mtu akiwa na kahawa yake, nani atachuma yao? Ni miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru walipopewa ruhusa. Wengine wengi walingoja mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Hebu hesabuni tangu Bura: miaka 61!

Sisemi wamisionari walifanya vibaya kuleta mche. Ulikuwa mche mzuri, na sheria ikaufanya wa wachache. Yote mawili ni kweli, na si dhambi kuyataja yote mawili ukiwa umesimama mlangoni pa kanisa.

Sasa, ili safari izae kitu, mwandikieni paroko mwezi mmoja kabla, barua iwe na sahihi ya mwenyekiti. Ombeni mkutane na mzee wa parokia anayekumbuka mambo ya zamani, maana jengo halisemi lenyewe. Kubalianeni maswali nyumbani na katibu ayaandike, kwa sababu mkifika kila mtu hutazama dari na kusahau. Msizungukezunguke kukiwa na Misa. Kama mmefika wakati wa Misa, kaeni msali na wenyeji, kamera ibaki mfukoni. Wanachama wasio Wakatoliki wasiachwe nje kwenye gari, kama nilivyoona siku moja. Nao ni wageni wa nyumba hiyo. Toeni sadaka kidogo, na mweka hazina asome hesabu yote kwenye mkutano unaofuata, hata ile ya soda.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Kanisa la parokia yetu lilijengwa na nani? Nani walibeba mawe na maji, na majina yao yako wapi?

Wazazi wetu walifanya kazi kwenye zao gani ambalo wao wenyewe hawakuruhusiwa kulima?

Nani kati yetu bado yuko na mzazi au babu anayeweza kutueleza, na tutamtembelea lini?