Sugu ya Mguu Inayorudi na Nyusi Zinazochelewa Kuota
Wagonjwa wengi huamini kwamba sugu ya mguu ina mzizi, kwa kuwa hurudi kila ichongwapo. Haina. Kile kiini kigumu ni ngozi iliyojikusanya mahali panapobanwa na kusuguliwa. Kiatu kilekile kikiendelea kuvaliwa, sugu itarejea. Basi tiba huanza na kiatu: kiwe kipana mbele, vidole vipate nafasi. Kisha mguu uloweshwe katika maji ya uvuguvugu, na ngozi isuguliwe taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu. Wembe usitumike kamwe. Mwenye kisukari ajiepushe pia na plasta zenye asidi ya salisiliki, kwani huweza kumuunguza ngozi iliyo salama bila yeye kuhisi.

Nyusi zilizong'olewa huweza kuchukua miezi kadhaa kuota tena. Zikipungua zenyewe, hasa kwenye ncha za nje, tezi ya thairoidi ipimwe.

Lakini mambo haya mawili yakikutana kwa mtu mmoja, mhudumu asiyahesabu kuwa ya urembo tu. Amwambie mgonjwa afumbe macho, amguse nyayo kwa pamba, kisha atafute mabaka yasiyo na hisia mwilini. Ukoma hupukutisha nyusi na kufisha hisia za miguu, na chini ya sugu isiyouma huweza kujificha kidonda. Dawa zake hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Hisia iliyopotea kwa muda mrefu, hata hivyo, aghalabu hairudi.